Ruhusa ya Gazeti Si Ruhusa ya Kitabu

Habari yangu ya kwanza kuchapishwa ilinilipa shilingi 700. Kuifuata nilitumia 650: boti ya abiria kutoka Amu, mji wetu katika kisiwa cha Lamu, hadi Faza kisiwani Pate na kurudi, chai, na kadi ya simu ya kumpigia mhariri Nairobi nimsomee habari yenyewe neno kwa neno, maana mtandao ulikuwa umekatika. Ilikuwa 2009. Nilibakiwa na shilingi hamsini na gazeti lenye jina langu. Nikalipeleka mbio kwa mama. Alilisoma hadi mwisho, akalikunja, akaniuliza, "Na hao wenyewe uliowaandika, wamelisoma?"

Sikuwa na jibu. Siku hizo gazeti lilikuwa likifika Amu mchana, kwa boti. Kufika Faza ni bahati.

Niliandika habari za Lamu kwa miaka kumi na mitatu, kisha nikatoa kitabu kimoja. Sasa vijana wa hapa pwani hunipigia simu kuniuliza njia niliyopita, na kila ninapomjibu mmoja nasahau jambo nililomwambia mwenzake. Nimeona niyaandike pamoja, hasa makosa, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote halikuniumiza mimi. Lilimwumiza mtu aliyenikaribisha kwake.

Nianze na pesa, maana ndizo zinazowakimbiza wengi. Mwandishi wa mikoani mara nyingi si mwajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na ile iliyotupwa hailipwi hata kama uliilalia njaa. Kuna miezi nilipata shilingi elfu tisa, kuna mwezi nilipata elfu mbili na mia nne. Nilichonusurika nacho ni tuisheni ya Kiswahili, watoto kumi na wawili sebuleni kila jioni baada ya Alasiri. Ukiingia kazi hii, ingia na kazi ya pili, na usione haya kuitaja. Tena andika kila nauli kwenye kijitabu, tarehe na kiasi. Mimi nilianza kufanya hivyo mwaka wa nne, na nilipojumlisha niliona kwamba miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nikililipia gazeti nauli, badala ya gazeti kunilipia mimi. Kijitabu hicho ndicho nilichokiweka mbele ya mhariri, na ndipo wakaanza kunirudishia angalau ya boti.

Na bahasha. Kwenye semina na mikutano ya siasa zinagawiwa bahasha, zinaitwa nauli. Niliipokea mara moja, 2010, mtoto wangu ana homa na mkononi sina kitu. Shilingi 1,000. Wiki mbili baadaye aliyenipa alinipigia kuhusu habari niliyokuwa nikiifuatilia ya kiwanja. Hakunitisha. Alisema tu, "Si sisi ni watu wamoja, dada?" Habari ile niliiacha, na kiwanja kile nakipita hadi leo.

Amu hakuna pa kujificha. Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa nyumba kwa nyumba, na kuna vichochoro ambavyo punda akija na mzigo wa mawe inabidi ujibandike ukutani apite. Uliyemwandika leo, kesho mnabandikana naye ukuta mmoja. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya nyanya yangu, aliniita siku moja nikipita mlangoni kwake. "Ndoo, mwanangu," yaani njoo. Nikaketi. Akaniambia, "Waandika ya watu, na ndia ni hii moya," yaani njia ni hii moja. Nilidhani ananionya niache kazi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akinifundisha namna ya kuifanya.

Kuwa mwanamke kulinifungia milango mingine, na sitaki kumdanganya dada yeyote. Kuna wazee walioniambia wazi kwamba hawazungumzi na mwanamke barazani, na kuna safari za usiku ambazo mume wangu alizikataa, nami sikuwa na nguvu ya kubisha. Lakini nyumba zetu zina daka, ukumbi wa mlangoni, mbele, na ndani nyuma. Wenzangu wa kiume walihojia dakani, wakapewa kahawa, wakarudi. Mimi niliingia ndani. Na mambo mengi ya Lamu husemwa ndani.

Tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walikuja kuzindua LAPSSET, mradi mkubwa wa usafiri unaounganisha nchi hizo tatu, na bandari ya Lamu. Sisi waandishi tuliandika habari moja sote: viongozi watatu, bandari, barabara, reli, bomba la mafuta. Siku ya pili yake nilikwenda Matondoni kumwona mwanamke mmoja, mke wa mvuvi. Alikuwa akisuka ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka. Vidole vyake havikusimama hata mara moja nilipomhoji, vikichukua mwaa, jani moja, vikikunja, vikichukua mwengine, na macho yake yalikuwa kwangu, hayako kazini. Akaniuliza, "Meli zikianza kuingia, nyavu zetu zitahamia wapi?" Niliiandika. Mhariri aliikata, akasema ni maoni ya mtu mmoja siku ambayo nchi nzima inasherehekea.

Mwaka huo huo wakazi wa Lamu walifungua kesi kuhusu mradi huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, huko Malindi, iliamua wavuvi 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nilikuwa Malindi kuripoti hukumu hiyo. Usiku, chumbani, nilifungua daftari la 2012 nililokuwa nimelibeba, nikalikuta swali la yule mama wa Matondoni limeandikwa kwa wino wa buluu, ukurasa mzima, na pembeni mkono wangu mwenyewe: "limekatwa." Kitabu kilianzia hapo. Sikuwa na mawazo makubwa. Niliona tu kwamba daftari langu lilikuwa limebeba mambo ambayo gazeti halikuyabeba, na kwamba nikifa leo yanakwenda na mchwa.

Kuhusu madaftari nitasema kwa kirefu kidogo, niruhusuni. Nyumba yetu ni ya zamani, na ukuta wa ndani una zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambamo wazee walikuwa wakipanga sahani za kigeni. Sahani ziliuzwa kabla sijazaliwa. Nikapanga humo madaftari, mwaka kwa mwaka. Yalipendeza. Lakini ukuta wa matumbawe unatoka chumvi, na chumvi inavuta unyevu, na nilipokuja kuyatoa 2018 matatu yalikuwa yameshikana kurasa kama mkate uliolowa. Mawili kati yake yalikuwa ya 2011, mwaka wa utekaji wa wageni Kiwayu na Manda, mwaka ambao utalii wetu ulianguka. Siwezi kuyarudisha. Basi wewe fanya hivi: daftari likijaa, lipige picha kurasa zote kwa simu siku hiyo hiyo, picha uzitume mahali pawili tofauti, na daftari lenyewe litie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Kalamu ya risasi inastahimili maji kuliko wino. Na juu ya kila ukurasa weka tarehe, mahali, na lugha mliyozungumza, kwa sababu miaka sita baadaye hutakumbuka kama mzee yule wa Kiunga alisema kwa Kibajuni au ulimfasiria wewe.

Juni 15, 2014 ni usiku ambao sitaandika mengi juu yake. Mpeketoni, mji wa Lamu bara, ilishambuliwa, mashambulizi yakaendelea vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Nilikuwa Amu. Nilivuka hadi Mokowe, gati la upande wa bara, alfajiri na boti ya kwanza. Mhariri alikuwa akipiga simu kila dakika kumi akitaka idadi. Nikampa idadi niliyoisikia kwa dereva mmoja pale gatini. Haikuwa sahihi, na ilikaa hewani nusu siku. Kuna familia ilinipigia kuuliza kama mtoto wao yumo katika hao niliowahesabu. Tangu siku hiyo sisemi idadi ambayo sikumwuliza aliyehesabu. "Bado sijui" ni jibu halali, hata mhariri akipiga kelele.

Baadaye likaja suala la nani amefanya. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Katika mji kama huu, ambapo jirani na jirani wanatazamana kwa kabila na dini, neno moja bila mwenyewe linaweza kuchoma nyumba. Nilijifunza kuandika nani kasema, kwa jina na cheo, na kunyamaza pale nisipokuwa na msemaji. Mikono yangu ilitetemeka kwa miezi. Nilikuwa nikishtuka mlango ukibamizwa. Sikumwambia mtu, nikaona ni udhaifu, hadi dada mmoja muuguzi aliponishika mkono akaniambia kuna jina la hali hii na kuna watu wa kuzungumza nao. Nenda mapema kuliko nilivyokwenda mimi.

Sasa lile kosa.

Julai ya mwaka huo ikatangazwa kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Katika kisiwa cha Pate, kijiji sikitaji, mume wa mtu alichukuliwa usiku na hakurudi. Mkewe alizungumza nami ndani, taa imezimwa, mtoto amelala mapajani. Niliahidi kutotaja jina lake, na sikulitaja. Lakini niliandika kazi ya mumewe, idadi ya watoto wao, na nyumba yao iko karibu na nini. Nilidhani haya ndiyo yanayoipa habari uhai. Kijiji kizima kilimjua kabla ya Adhuhuri. Siku ya tatu watu walifika kwake kumwuliza nani alimtuma kusema. Ndani ya wiki akahama na watoto, na kwa muda mrefu sikujua alikokwenda.

Mhariri wangu alinipongeza kwa habari ile. Nilipokea pongezi.

Kuficha jina si kuficha mtu. Penye watu mia nane, kazi na watoto na nyumba ndilo jina lenyewe. Siku hizi, kabla ya kutuma habari ya mtu aliyeomba kufichwa, namtafuta mtu mmoja wa kijiji chake ninayemwamini, namsomea, namwuliza, "Huyu nani?" Akimjua, naandika upya. Akimjua tena, habari inalala.

Kuandika kitabu chenyewe kulinichukua miaka miwili na nusu, baada ya sala ya Alfajiri hadi saa moja, kabla watoto hawajaamka. Kuna siku nilipata sentensi mbili. Sehemu hiyo sina la ajabu la kusimulia.

La hakimiliki, sikiliza. Nilidhani nitakusanya habari zangu za gazeti nizibandike. Wakili akanionyesha kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa au uliyoifanya katika ajira huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Mimi sikuwahi kuandikiana na mtu lolote. Lakini tukio si mali ya gazeti, na madaftari ni yangu. Basi niliandika kila kitu upya kutoka kwenye daftari, na nashukuru, kwa sababu kilitoka kingine kabisa. Ikiwa ndiyo unaanza leo, omba mkataba wa maandishi, na utafute mstari mmoja unaokuruhusu kutumia kazi zako kitabuni.

Mchapishaji wa kwanza alinipa mkataba wa kurasa tisa mwaka 2020. Nilisaini siku hiyo hiyo kwa furaha. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, asilimia kumi, sawa. Lakini niliwapa lugha zote, nchi zote, muda wote, na hapakuwa na tarehe ya lazima ya kuchapa. Mswada ulikaa kwao miaka miwili. Kuukomboa kulinigharimu shilingi 25,000 za wakili. Kabla ya kusaini, tafuta mahali panaposema: wasipochapa hadi tarehe fulani, haki zinarudi kwako. Pasipokuwepo, paandikwe.

Nikaamua kuchapa mwenyewe. Mhariri 40,000. Mpangilio wa kurasa na jalada 22,000. Nakala 500 kwa shilingi 310 kila moja, 155,000. Kusafirisha maboksi hadi Mokowe na kuyavusha, 8,000. Pamoja na za wakili, 250,000. Chama chetu cha akina mama kilinikopesha 120,000, akiba yangu ikafuata, na bangili zangu mbili za harusi zikaenda kwa sonara. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, niliipata kwa Huduma ya Maktaba za Taifa, na hakimiliki nikaisajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni mauzo. Nilikiuza 700. Maduka ya vitabu yalichukua asilimia arubaini. Mwaka wa kwanza ziliondoka nakala 310: 190 kwa mkono wangu, 120 madukani. Nilikusanya 183,400. Hesabu mwenyewe kilichobaki. Ningejua, ningechapa 200 kwanza, nikaziuza, ndipo nikachapa nyingine, kwa sababu maboksi yaliyokaa nyumbani yaliingiwa na ile ile chumvi ya zidaka.

Waliniambia niandike kwa Kiingereza, nitapata wasomaji wa nje. Nililifikiria swali la mama la 2009, nikaandika kwa Kiswahili.

Na hapa ndipo ninapotaka msinipite haraka. Watu waliozungumza nami 2012 au 2015 walizungumza na gazeti. Walijua gazeti jioni linafungia viazi vya karai. Kitabu hakifungii viazi. Kinakaa kwenye shubaka la mtu, mjukuu anakifungua. Kwa hiyo niliwatafuta wote niliotaka kuwatia kitabuni, watu 38, na kila niliyempata nikamsomea sehemu yake kwa sauti, mlangoni kwake, nikauliza upya. Nauli zake sikuzitia katika zile 250,000, na nilipozijumlisha sikumwambia mume wangu.

Kusoma kwa sauti kuliniokoa makosa ambayo mhariri asingeyaona. Mzee mmoja wa Kizingitini alinikatiza: "Mimi sikupoteza wavu. Nilipoteza jarife, na jarife ni mali ya miaka." Jarife ni wavu mkubwa. Mwengine aliniambia tarehe niliyoandika haiwezekani, siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka na hakuna aliyetoka. Nilimwamini yeye kuliko daftari. Yule mama wa Matondoni alisikiliza swali lake mwenyewe, akacheka, akasema liache kama lilivyo, kwani jibu bado hajapewa.

Ishirini na tisa walikubali. Wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki, watoto wao wakakubali kwa niaba yao. Watano walikataa. Mmoja wa hao watano ni yule mwanamke wa Pate.

Nilimpata Malindi, mtaa sitauandika. Anapika mahamri ya kuuza. Nilisimama mlangoni nikatoa salamu, akaitikia, akanitazama, akasogeza kando sinia ya unga nipite. Alinipa chai ya tangawizi. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba radhi njia nzima kutoka Amu, nikayasema vibaya, nikilia. Yeye hakulia. Akasema, "Jina ulilificha, mlango ukauacha wazi." Kisha akaniambia alikuwa akijua nitakuja, ila alidhani nitakuja mapema.

Sura yake ilikuwa bora kuliko zote kitabuni. Wasomaji wangu watatu wa mswada waliniambia hivyo. Nilimsomea yote, na mahamri yakikaangwa. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Ni kweli yote. Usiitie." Nikaitoa. Aliniruhusu nisimulie kosa langu, si maisha yake, na katika haya niliyoyasimulia hapa nimebadilisha yale yanayoweza kumwonyesha. Aliyasikia kabla yenu.

Wawili kati ya wale 38 bado sijawapata. Sehemu zao hazimo kitabuni, ziko kwenye ndoo, na madaftari yao. Nimeambiwa mmoja amerudi Kiunga kwa mwanawe. Upepo wa kusi ukilegea nitapanda boti.